Fadhila za Nyumba Iendayo

Wamesifiwa mashujaa kwa ushujaa wao, ikasifiwa miji kwa majumba yake na majahazi kwa mbio zake, na hata kahawa na tambuu hazikukosa mtu wa kuzitungia beti. Lakini sijapata kumsikia mshairi wala mwandishi wa nathari aliyesimama mbele za watu kulisifu gari-nyumba la kukodi, yaani lile sanduku refu jeupe lenye vitanda, jiko, choo na usukani, ambalo mtu mwenye akili timamu hulilipia fedha nyingi ili apate kulala vibaya mbali na kwao. Kimya hiki nimekiona ni dhuluma. Na madhali kiangazi kilichopita nililiendesha gari la namna hiyo katika eneo la Yukon, kaskazini ya mbali ya Kanada, pamoja na mke wangu na shemeji yangu, nduguye, ambao hadi leo wanazungumza nami, najiona ninayo haki ya kutoa ushahidi.

Yukon ni nchi pana mno: ina zaidi ya kilometa za mraba 480,000 na watu wasiofika 50,000, na wengi wa hao wamejikusanya Whitehorse, hata ukishauacha mji huo nyuma waweza kwenda kitambo kirefu pasina kukutana na mtu wa kumwamkia. Mja aliyezaliwa Mombasa, akazoea tangu utotoni kubanwa mbavu katika kivuko cha Likoni, akitupwa ghafla katika uwazi wa namna hiyo huenda akaharibikiwa na akili. Na hapa ndipo hekima ya gari-nyumba inapodhihirika, kwani ndani yake uwazi haumo. Shemeji akitaka kupita kwenda kunywa maji, sharti mimi niketi, mke wangu apande kitandani, na mlango wa friji ufungwe. Na mimi nikitaka kuvaa suruali, sharti wao wawili watoke nje wakazungumze na mbu.

Mbu wenyewe si haba, na gari hili ni karimu kwao, kwani matundu ya kuingilia yamezidi ya kutokea. Ni karimu pia kwa wenye vituo vya petroli: hunywa lita 25 hivi kwa kila kilometa 100, na vituo vikiwa vimetengana masafa marefu, mwenye kituo hupanga bei aipendayo. Wacha Mungu nao halikuwasahau, maana mapazia yake ni mepesi, na mwezi wa Juni katika Dawson City jua huzama baada ya saa sita ya usiku na kurudi kabla usingizi haujakolea, basi aliyekusudia kukesha hukesha bila jitihada, ingawa akingoja giza kamili ndipo aswali Isha atangoja mpaka Agosti. Haya nayataja mbiombio, kwa kuwa fadhila moja ndiyo iliyonihimiza kushika kalamu.

Fadhila hiyo ni hesabu.

Binadamu wa mjini, awe wa Kanada au wa kwetu, huishi katika mghafala mkubwa juu ya nafsi yake. Akishakidhi haja hubonyeza kitufe, maji yakavuma, na jambo likawa limekwisha. Hajui lilikokwenda wala hajiulizi, bali huinuka akaenda kuhutubia watu, au kuposa, au kugombea ubunge, akijiona ni kiumbe safi asiye na deni. Gari-nyumba halimwachi ajidanganye hivyo. Chini ya sakafu yake, hatua chache kutoka mahali mtu alazapo kichwa, yako matangi mawili: moja la maji yaliyokogewa na kuoshewa vyombo, na la pili la yale ambayo adabu hainiruhusu kuyataja; na kila kitokacho kwa msafiri huwekwa humo amana, kikafuatana naye mlimani na bondeni, kikamngoja. Alichokula Whitehorse yuko nacho Carmacks. Alichokula Carmacks yuko nacho Dawson City. Ni nani katika wanafalsafa aliyebuni mafunzo makali kuliko haya, kwamba mtu akasimame mbele ya milima iliyoumbwa kwa haiba na utukufu, naye akijua kwa yakini kwamba amekuja na maharagwe ya juzi?

Na ukutani, karibu na mlango, kipo kibao chenye taa ndogo za kuonyesha kiasi kilichomo: robo, nusu, robo tatu, kujaa. Taa hizo ni waongo. Kipande cha karatasi kikishanata ndani ya tangi, penye kipimo, taa ya kujaa huwaka na haizimiki tena, hata tangi liwe tupu kabisa. Na hapo msafiri hupewa fadhila nyingine ndani ya ile ya kwanza, nayo ni kutoziamini ishara za dunia. Sisi tulifikia daraja ya kuhukumu kwa sikio. Shemeji, ambaye kazi yake ni uhasibu, alifungua daftari la nani, lini, na kwa makadirio gani. Na kila jioni baada ya chakula alitusomea hesabu hiyo kwa sauti ya taadhima, mke wangu akazipinga baadhi ya tarakimu akidai kwamba zilikuwa zangu, nami nikaomba ukaguzi upya. Sijui ni nyumba gani ya mawe iliyopata kuendesha mambo yake kwa uwazi kama huu. Ziko wizara ambazo hazijaufikia.

Kisha hufika siku ya kumwaga. Viko vituo maalumu vya jambo hilo, na kila kitu kina utaratibu wake: huvaa glavu, huunga mpira mnene chini ya gari, hufungua kwanza tangi la yale mabaya, na likishakwisha ndipo hufungua la maji ya kuogea ili yausafishe mpira, mwenye kuugeuza utaratibu huo hahitaji kuambiwa mara ya pili. Nyuma yako wamepanga foleni watu wa Alberta na wa Texas na wa Ujerumani, wastaafu na matajiri, pengine na majaji, kila mmoja kashika mpira wake mkononi, na hakuna amtazamaye mwenzake usoni. Usawa wa wanadamu, ambao wengi wameuhubiri, mimi nimeuona pale.

Baada ya hesabu na ifuate ngoma. Barabara kuu ya Alaska, Alaska Highway, ilikatwa mwaka 1942 na askari wa Marekani wapatao 11,000, ambao thuluthi yao na zaidi walikuwa watu weusi, waliotengwa katika vikosi vyao peke yao kwa ubaguzi wa siku zile, na kwa kuwahofu Wajapani wakafungua njia ya zaidi ya kilometa 2,400 katika muda wa miezi minane hivi. Walitambua kwa taabu kwamba ardhi ya huko imeganda daima, na kwamba ukizikwangua nyasi na mizizi zilizoifunika, barafu huyeyuka na malori yakazama matopeni. Ndipo walipojifunza kuziacha mahali pake na kupanga magogo juu. Vita vikaisha, barabara ikafunguliwa kwa raia mwaka 1948, ikaja ikatiwa lami, lakini barafu haikutia saini mapatano yoyote: baina ya Destruction Bay na Beaver Creek lami imefanya matuta na mabonde, na gari-nyumba likipita juu yake, makabati hufunguka, sufuria zikaanza, vijiko vikaitikia, na mlango wa choo ukapiga makofi. Mke wangu aliikumbatia chupa ya achari tangu ziwa Kluane hata mpakani, na hakuna aliyethubutu kumwambia aiweke chini.

Nayasema haya kwa moyo mkunjufu. Gari lenyewe sina nalo ugomvi. Ni bati, plastiki na skrubu, nalo lilifanya liwezalo. Nilikuwa nimekusudia kuusifu na mkataba wake pia, maana gari halitoki uani bila huo, na hapa naona kalamu inakuwa nzito.

Mkataba ule ulikuwa wa kurasa nyingi, na maandishi yake yalizidi kuwa madogo kwa kadiri mambo yalivyozidi kuwa makubwa. Ulisema kwamba gari limekatiwa bima, tukafurahi. Ukaendelea kusema kwamba bima hiyo haihusu kioo cha mbele, wala matairi, wala tumbo la gari, wala paa lake, wala dhara lolote litakaloletwa na jiwe lililorushwa. Na katika nchi ambayo malori hurusha mawe mchana kutwa, na ambayo ni taabu kumpata mwenyeji asiye na ufa katika kioo chake, bima hiyo ni sawa na ya kumkinga baharia na kila janga isipokuwa maji. Ilikuwako bima ya ziada ya kuziba mianya ya bima ya kwanza, na ziada ya ziada; tukazinunua zote, na bado kikasalia kiasi ambacho tungekilipa wenyewe kabla bima haijafumbua jicho.

Na kifungu kimoja kilikataza kupita njia isiyo na lami. Sasa, katika jalada la kijitabu chao cha matangazo, kile cha karatasi ya kumeremeta, lipo gari hilo hilo, jeupe, limesimama peke yake chini ya milima ya Tombstone, juu ya barabara ya changarawe. Nilikipeleka kijitabu na mkataba kwa kijana wa ofisini, nikaviweka mbele yake ubavu kwa ubavu. Akasema kwa upole kwamba picha ile ni ya kuonyesha mazingira. Nikamwuliza: je, bwana, serikali inapoibandua lami ya barabara kuu ili iitengeneze, jambo ilifanyalo kila kiangazi maadamu baridi haiipi nafasi nyingine, na magari yote yakaongozwa kupita juu ya kokoto, aliyeuvunja mkataba ni mteja au ni serikali? Kijana akafikiri sana.

“Nenda polepole,” akasema.

Ghadhabu iliyonishika pale sikuipamba wakati ule na sitaipamba sasa. Bidhaa ya watu hawa ni Kaskazini yenyewe, upweke wake na dubu wake na njia zake zisizo na mwisho; wameitia katika picha, wakaipangia bei kwa usiku na kwa kilometa, kisha katika maandishi madogo wakaitoa tena, mteja akabakiziwa lami na risiti. Hatari zote za nchi ile, ya jiwe, ya barafu, ya vumbi, ya mnyama akatishaye njia usiku, amebebeshwa mgeni ambaye hajapata kuiona, ilhali wao waijuao wameketi Whitehorse karibu na hita. Tena hutabasamu! Mkopeshaji wa kwetu akikudhulumu hukunja uso, ukajua u mahali gani.

Na mimi nilikuwa na haja yangu katika njia iliyokatazwa. Dempster Highway huanzia karibu na Dawson City, ikaenda kilometa 740 hivi za changarawe, ikavuka mto Peel na mto Mackenzie kwa vivuko, hata Inuvik, ng’ambo ya mzingo wa Aktiki. Ilifunguliwa mwaka 1979, na tangu 2017 imeendelezwa kwa njia nyingine hadi Tuktoyaktuk, penye bahari. Inuvik kuna msikiti. Waislamu wa pale ni wachache na kujenga huko ni ghali mno, kwa hiyo msikiti ulijengwa Winnipeg, ukapakiwa garini ukiwa mzima, ukasafiri kwa magurudumu, na kisha kwa tishari ukiuteremka mto Mackenzie, mwendo wa kilometa 4,000 hivi, ukafika mwaka 2010 na kuta zake na madirisha yake. Nilitamani kuswali humo rakaa mbili. Basi nyumba iliyoumbiwa kutulia ilifika Inuvik, na nyumba yangu, iliyoundwa makusudi iende, yenye injini na usukani na taa za nyuma, ilikuwa haramu kukanyaga hata kilometa ya kwanza. Tulisimama njia panda, tukapika chai, tukayatazama malori yakiingia na kutoka katika vumbi, na shemeji akasema kwamba mkataba haukutaja kwenda kwa miguu.

Kurudisha gari nako kuna adabu zake. Kijana yule yule alilizunguka na tochi mchana kweupe, akachuchumaa, akapapasa, akainuka na karatasi: kilometa zilizozidi, gesi iliyotumika, alama moja kiooni, ndogo hata ilimbidi anionyeshe kwa ncha ya kalamu, na ada ya usafi kwa ajili ya vumbi, ambalo kwa maoni ya kampuni lilikuwa na dalili za njia isiyo na lami. Shemeji akatoa daftari lake, kwa mazoea, lakini lile lilihusu mambo mengine. Nikalipa. Kijana, ambaye kwa nafsi yake alikuwa mwema, na si yeye aliyeyaandika yale maandishi madogo, alinipa risiti pamoja na karatasi ya kuombea sifa, yenye nafasi ya kutia nyota tano. Nikamwuliza, yeye mwenyewe apatapo likizo, hulichukua gari lipi katika haya kwendea Inuvik.

Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema yeye ana pikapu kuukuu, kioo chake kimepasuka toka upande huu hata huu, na hema la kushonwa na mamake.

Mke wangu akataka kujua kama huyo mama huwashonea na watu wengine.