Waraka kwa Mkufunzi wa "Mjue Mteja Wako"

Kwa Mheshimiwa Mkufunzi,

Nimepata habari kuwa ulikuja tena Mombasa kuwafundisha watu wa benki namna ya kutambua na kuzuia utakatishaji fedha, siku tatu nzima, katika hoteli yenye viyoyozi na upepo wa bahari, kana kwamba kimoja hakitoshi. Kijana wa jirani yangu, keshia, alihudhuria. Alirudi na mfuko wa kitambaa, kalamu mbili na cheti. Cheti kimetundikwa sebuleni. Kitabu cha masomo nilikiazima mimi, nikakisoma dukani baina ya mnunuzi na mnunuzi, na nilipokimaliza nikaona si adabu kukaa kimya bila ya kukushukuru.

Mimi ni muuza leso, Biashara Street. Mambo ya fedha sikuyasomea, lakini ya kufua nayajua. Kitabu chako kinasema fedha chafu hupita hatua tatu, na majina uliyozipa yamenishinda kutamka, basi niruhusu nizitaje kwa lugha ya nguo. Kwanza ni kuroweka: noti za haramu hutiwa penye noti za halali, dukani, mkahawani, kwenye matatu, kwenye laini za simu za watu kumi. Kisha ni kusuuza: hutoka akaunti hii zikaingia ile, zikavuka bahari kulipia shehena isiyofika, au iliyofika kwa bei iliyoandikwa mara mbili, mpaka anayezifuata achoke. Mwisho ni kuanika: kiwanja, magari, ghorofa. Na nguo iliyoanikwa, Mheshimiwa, haihitaji darubini. Hata sisi tusio na cheti huliona jengo refu ambalo usiku huwaka taa mbili.

Neno lenyewe, utakatishaji, limenipa kazi. Sisi tuliolelewa hapa tukisikia mali imetakaswa, akili hukimbilia zaka: mbili na nusu kwa mia, na maskini akapewa haki yake. Hawa wenzetu wa fedha chafu wamechukua utakaso wakamwacha maskini.

Sasa nije kwenye somo lako la kwanza, lililoandikwa kwa herufi kubwa: MJUE MTEJA WAKO. Hilo mngetuachia sisi tulifundishe. Mateja hapa mtaani tunawajua mmoja mmoja. Ni vijana wa heroini, na watu husema jina hilo walilipata kwenye ile sauti ya simu ya mteja asiyepatikana, maana ukimwita hayupo hata akiwa amesimama mbele yako. Tunajua nani aliuza jiko la mamake, nani aling'oa mita ya maji ya msikiti. Hao hawana akaunti kwenu. Shilingi zao ndizo zenye akaunti. Mia mbili ya huyu na mia mbili ya yule hupanda ngazi mkono kwa mkono, na juu kabisa ya ngazi ile yupo mteja wa namna nyingine, ambaye kahawa yake huletwa ofisini kwa meneja kabla hajaketi. Nimeuliza keshia wetu kama mafunzoni mlimtaja huyo. Ameniambia walitajiwa "dalili za hatari", na ya kwanza ilikuwa mtu anayeleta noti nyingi ndogo ndogo. Yaani mwenye duka la leso siku ya mkesha wa Idi.

Mifano ya kitabu chako ni mizuri mno. Ipo ya Colombia, ipo ya Uswisi. Nimepekua kurasa zote nikitafuta wa nyumbani, sikuuona, na wa nyumbani haujifichi. Novemba 2014 ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa hapa Mombasa. Januari 2017 walipelekwa Marekani, na Oktoba 2018 wakakiri makosa yao, ya dawa za kulevya yakiwemo, mbele ya mahakama ya New York. Baktash alihukumiwa miaka 25 mnamo 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Biashara ya ukubwa ule hailali chini ya godoro. Noti zake lazima zihesabiwe, zihifadhiwe, zisafiri. Ilikuwaje hadithi ya mtaa wetu isimuliwe ng'ambo, na kwenu, kilomita chache kutoka Treasury Square, msisimuliane hata baada ya chakula cha mchana?

Usinifahamu vibaya. Sisemi tusiulizwe. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha tunayo tangu 2009, na ndiyo iliyounda kituo cha FRC (Financial Reporting Centre) kinachopokea taarifa za miamala inayotiliwa shaka. Naikubali. Ila sheria hiyo haikutaja benki peke yake. Mawakala wa nyumba na viwanja wamo, wauza dhahabu wamo, kasino zimo. Katika orodha ya waliohudhuria hotelini sikuona wakala wa nyumba hata mmoja. Huenda walikuwa na shughuli. Biashara ya ghorofa imechangamka.

Jambo linalonikaa kooni ni jicho lilivyofunzwa kutazama. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, ikatangaza majina 86 ya watu na taasisi waliotuhumiwa kufadhili ugaidi, na akaunti za HAKI Africa na MUHURI, mashirika ya haki za binadamu ya hapa hapa Mombasa, zikafungwa. Novemba ya mwaka ule ule Mahakama Kuu, Mombasa, iliamuru zifunguliwe. Kwa majuma yale, mama anayelishwa na mwanawe wa ng'ambo aliijua tofauti ya shaka na ushahidi kwa tumbo lake. Na hawala, huko kutumiana fedha kwa kuaminiana, si ugeni kwetu. Wafanyabiashara wa pwani hii walipitishiana hundi baina ya hapa, Unguja na Bombay kabla National Bank of India haijafungua mlango Mombasa mwaka 1896, na aliyevunja amana hakupelekwa semina, hakupata tena wa kumuuzia hata chumvi.

Halafu ikaja 2018. Benki Kuu ilizitoza benki tano, KCB na Equity zikiwemo, faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa namna zilivyozipitisha fedha za NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, zaidi ya bilioni 3. Fedha zile hazikubebwa kwenye vikapu vya Marikiti. Ziliingia kwa mlango wa kioo, zikatoka kwa mlango wa kioo, katika benki ambazo sheria ilikwisha kuzitaka ziwafunze watu wao. Hawala zilisimamishwa, benki zilitozwa, na kesho yake asubuhi zikafungua saa ile ile. Februari 2024 tukaingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji fedha, kule Paris, mwezi ule ule Uganda ikitolewa. Tulipishana mlangoni, wao wakitoka na tabasamu, sisi tukiingia na vyeti.

Niruhusu na la kwangu. Binamu yangu wa Muscat alinitumia fedha za mazishi ya shangazi. Benki, sitaitaja, ilizizuia siku tisa kwa kuwa jina langu lilifanana na la mtu fulani kwenye orodha fulani. Jina langu, Mheshimiwa, ukiliita kwa sauti Ndia Kuu baada ya sala ya Ijumaa watageuka watu arubaini. Shangazi alizikwa kwa mkopo. Nilipokwenda kueleza, keshia wa pale, ambaye mamake hununua leso kwangu tangu yeye hajazaliwa, aliniuliza chanzo cha mapato. Nikaandika: leso. Akauliza uthibitisho. Nilipokuwa nikimtazama, bwana mmoja alipita nyuma yetu na mkoba, akasukuma mlango wa meneja bila kubisha, na alipotoka mkoba ulikuwa umekonda. Sijui alikuwa na nini. Huenda zilikuwa tende. Mkiamua mwaka ujao kuwapa wanafunzi leso badala ya mifuko, jina la kuchapisha nimekwisha kulipata: MLANGO WA NYUMA HAUNA FOLENI. Bei ya jumla tutaelewana.

Basi swali langu ni moja, na ndilo lililonifanya niazime kalamu ya semina. Kitabu chako kinamfundisha keshia ajaze taarifa, asimtonye mteja, na kwamba sheria itamlinda akiripoti kwa nia njema. Yote sawa. Lakini siku atakapoipeleka taarifa ile juu, na mkubwa wake akaisoma, akaikunja, akasema "huyu namjua mimi," kijana wa watu afanye nini? Ukurasa huo sikuuona. Nimeangalia hata nyuma ya jalada. Na mameneja wenyewe, keshia ananiambia, walifika siku ya ufunguzi, wakapigwa picha, wakaondoka kabla ya chai.

Ukipata jibu usiliandike; njoo nalo. Duka langu liko upande wa kivuli, kahawa chungu ipo, na halua ya jirani. Huna haja ya kuja na kitambulisho wala barua ya chifu. Nitakujua kwa mfuko wa kitambaa.

Wako mtiifu,

Muuza leso, Biashara Street, Mombasa