Winchi ya Uani

Mashine ya kukereza vyuma ya kilo 600 haina haya. Mahamali waliishusha mbele ya mlango wetu hapa Tononoka, ikakaa pale kama mgeni asiyesema ataondoka lini, kwa kuwa mume wangu alikataa kulipa nyongeza waliyotaka ili waipitishe ukumbini hadi uani. Aliinunua mnadani Shimanzi, karakana moja ilipofungwa. Siku zote alitaka akistaafu akereze shafti za mashua nyumbani kwake. Pesa za mashine aliweka. Za mahamali hakuweka.

“Nitaunda winchi,” akasema.

Mjini mwetu winchi si ajabu. Kilindini zimejipanga gatini, na ndugu yake mdogo anaendesha mojawapo. Shemeji alipokuja kula Ijumaa aliikuta kazi imekwisha: chuma cha mraba kilichochomelewa, mlingoti, mkono wenye kulabu, jeki ya mafuta ya tani 8, magurudumu manne. Akapima kwa utepe. Kutoka kwenye pini hadi kwenye jeki, sentimita 30. Hadi kwenye kulabu, 120. Kwa hiyo kila kilo ya mzigo, jeki inaibeba mara nne.

“Kilo 2,400. Jeki inaweza, na chuma kinaweza,” akasema. “Lakini kaka, miguu yako inaishia wapi?”

Winchi ndogo ya aina hii husimama kwa sababu miguu yake ya mbele hupita chini ya mzigo. Mashine yetu kitako chake ni chuma cha kusubu hadi chini, hakina upenyo wa kuingiza mguu. Kuipanua miguu ipite ubavuni, winchi isingeingia mlangoni. Basi mume wangu aliikata miguu, na kulabu ikabaki inaning’inia sentimita 40 mbele ya magurudumu.

“Kaka, utaanguka.”

“Kula pilau.”

Jumamosi jeki ikapigwa. Mashine haikutikisika, winchi ndiyo iliyojiinua, magurudumu ya nyuma yakaacha sakafu. Mama mkwe alikuwa barazani akichambua mchicha. Babake alikuwa baharia wa majahazi ya Bandari ya Kale, naye mama mkwe akatukumbusha kwamba foromali nzima ilipandishwa kwa kapi, jarari na vijana wenye vifua, na hakuna aliyechora kitu.

Mume wangu akaamua kuongeza uzito nyuma. Ukawekwa mfuko wa saruji. Likafuata gunia langu la mchele, kilo 50, la arusi ya binti yetu, wala sikuulizwa. Bado. Akaitwa ami yake, mtu wa kilo 80 na ushei, akakalishwa juu ya gunia. Jeki ikapigwa tena, na mashine ikaacha ardhi vidole viwili. Watoto wakapiga makofi, na mimi pia, maana ilipendeza.

Muuza kahawa naye akatokea kichochoroni akigonganisha vikombe vyake. Ami hajawahi kuiacha kahawa ikapita. Akainuka.

Mashine ilishuka vidole vile viwili na kuivunja saruji ya mlangoni. Winchi ikainama kifudifudi, gunia likaruka, na mfuko ukapasukia juu yake. Mchele uliochanganyika na saruji hauoshwi, msinishauri. Ami alipoulizwa alisema hakuna aliyemwambia kuwa yeye ni kipande cha winchi. Hilo ni kweli.

Mahamali wakarudi na mabomba ya duara, ubao na mtaimbo. Waliinua upande mmoja, wakaingiza bomba, wakasukuma. Bomba lililobaki nyuma likaletwa mbele. Kwenye kizingiti wakalaza ubao. Haijaadhiniwa adhuhuri mashine ilikuwa uani, nayo njia nzima haikupanda juu zaidi ya unene wa bomba. Bei yao sasa ilikuwa maradufu.

Mota yake, tumegundua, ni ya fezi tatu, na nyumba yetu ina fezi moja. Mume wangu hajali. Mashine hizi, anasema, zamani ziliendeshwa kwa mkanda na injini yoyote, na amesikia kuna dizeli ya mashua inauzwa huko Bandari ya Kale. Ina kilo 300. Tangu jana yuko uani, anairefusha miguu ya winchi.