Mnaisingizia Kabureta

Mchew! Kabureta imewakosea nini, jamani?

Gari la zamani likikohoa hapa Gilgil, kabla hata boneti haijafunguliwa vizuri, hukumu imeshatolewa: "Hiyo ni kabureta." Fundi anashika bisibisi, anakoroga skrubu mara kushoto mara kulia, injini inanguruma kidogo, mwenye gari anatoa pesa. Kabla hajafika Kikopey limezima tena. Anarudi, kabureta inafunguliwa upya, na safari hii anaambiwa anunue nyingine. Tumeyaona haya hapa kijiweni hadi tumechoka kusonya.

Juzi mzee mmoja alisukumiwa pikapu yake ya Pijo 504 hadi hapa kando ya steji. Hubeba viazi kutoka upande wa Ol Kalou, na bado ina bodi nzuri kuliko magari mengi ya juzijuzi. Ugonjwa wa gari hilo ulikuwa huu: asubuhi linawaka bila taabu, linaenda vizuri, likishapata moto linaanza kumisi, halafu linazima kabisa. Likipoa linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Gereji moja ilikuwa imeshaifungua kabureta mara kadhaa. Tazama zile skrubu zake za shaba: vichwa vimelika, bisibisi haishiki tena. Na nati za kitako zimekazwa kwa nguvu za kufungia magurudumu.

Aliyelitibu gari lile hakuwa fundi wa magari. Alikuwa kijana wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria. Akauliza, "Mzee, linazima ghafla ama linakufa polepole kama limeishiwa na mafuta?" Mzee akajibu, "Ghafla, kijana wangu. Kama mtu amezima ufunguo." Basi kijana akaiacha kabureta, akafungua kifuniko cha distribyuta. Tukainama wote kutazama. Poinsi zilikuwa zimeungua: upande mmoja umechimbika kashimo, upande wa pili umeota kinundu kinachoingia mle mle. Akavuta waya wa koili, akausogeza karibu na chuma, akaomba mtu apige stata. Cheche ikatoka ya manjano, nyembamba, ya kuvizia. Cheche nzima huwa ya buluu na husikika ikipasuka.

Ile ilikuwa kondensa. Kidude kidogo kama kidole, bei yake haifiki hata robo ya ile kabureta aliyotakiwa anunue. Kazi yake ni kuumeza umeme unaotaka kuruka pale poinsi zinapoachana, ili zisiungue na koili itoe cheche kali. Ikianza kuzeeka, mara nyingi huharibikia kwenye joto, ndiyo maana gari lilikuwa zima likiwa baridi na mgonjwa likipata moto. Petroli haihusiki hapo hata kidogo. Ikawekwa kondensa mpya na poinsi mpya, mwanya ukapimwa kwa kipimo cha vibamba, kama milimita 0.4, wala si kwa kukadiria na ukucha. Mzee akaondoka na viazi vyake.

Nauliza hivi: kwa nini kijana wa boda alijua, na gereji haikujua? Jibu lenyewe halifichiki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hivyo magari ya petroli yanayoingia siku hizi mafuta yake husukumwa na pampu ya umeme na kusimamiwa na kompyuta. Fundi kijana wa gereji amefundishwa kuchomeka mashine na kusoma namba ya kosa. Pijo ya mwaka 1982 haina pa kuchomeka. Lakini Boxer na TVS zilizojaa pale steji nyingi zina kabureta, na mwenye boda hana pesa ya kubahatisha. Maji yakiingia kwenye kibakuli cha kabureta, anaifungua mwenyewe kando ya barabara na kumwaga. Ujuzi upo, basi, ila umehamia kwenye magurudumu mawili.

Sisemi kabureta haiharibiki kamwe. Nasema ihukumiwe mwisho, cheche ikishathibitishwa, hewa ikishathibitishwa, na mafuta yakishathibitishwa. Na hapa kwetu kuna mambo ambayo fundi wa Mombasa hayafikirii.

La kwanza ni mwinuko wenyewe. Gilgil iko takriban mita 2,000 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye koo jembamba la kabureta, mwendo wake unaongezeka, presha inashuka pale, na petroli inanyonywa kupitia jeti. Sasa, kabureta haijui kuwa hewa ya huku ni nyepesi. Inaachia petroli karibu kana kwamba bado iko Likoni. Matokeo yake gari linakunywa, linavuta kwa unyonge, na plagi ukizitoa zimepakwa masizi makavu meusi. Dawa ni jeti kuu yenye tundu dogo zaidi, basi. Na ukishuka pwani na jeti hiyo ya huku, petroli inakuwa chache, injini inachemka, vali za moshi zinaungua. Jeti huja na namba zilizochongwa. Zisome, ziandike, uziweke kwenye kisanduku cha gari.

Na tafadhali, msizichokoe jeti kwa waya! Hili linaniuma kweli. Jeti ni shaba laini, na tundu lake limetobolewa kwa vipimo vya sehemu ndogo kabisa za milimita. Ukipitisha waya umelipanua, na petroli itazidi tangu siku hiyo. Jeti husafishwa kwa upepo wa kompresa na petroli safi.

La pili ni vumbi. Nendeni Kariandusi, hapo tu jirani, mtazame ule weupe wa machimbo ya daiatomaiti. Ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini vilivyokufa zamani katika maziwa ya Bonde la Ufa, na maganda yao ni silika, jamii ile ile ya kioo. Viwanda hutumia unga huo kuchujia vinywaji, lakini ukiingia kwenye silinda unasaga kama msasa. Ongeza vumbi la majivu ya volkano la Elementaita na Soysambu, lile ambalo ulimwengu umeliona kwenye televisheni tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Halafu fundi anakwambia utoe chujio la hewa "ili injini ipumue." Aka! Gari likianza kutoa moshi wa buluu, ringi zimekwisha, nani atalipa? Chujio la karatasi likijaa, libadilishe. Lile la kizamani lenye sufuria ya oili, mwaga oili, osha, weka mpya hadi kwenye alama.

Kuna na hewa ya wizi, ile inayopenya chini ya kabureta. Hii husababishwa na mafundi wenyewe. Kitako cha kabureta ni aloi laini. Ukikikaza kupita kiasi kinapinda, gasketi haikai sawa, na gari haliwezi kutulia likiwa limesimama. Washa injini, dondoshea maji ya sabuni polepole kuzunguka kitako. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Hapo hakuna skrubu ya kukoroga itakayokusaidia.

Mafuta nayo. Wakenya tunajua jinsi mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa kwenye mafuta ya magari kwa sababu ya bei, hata serikali mwaka 2018 ikayatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuua biashara hiyo. Ukishuku, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hupotea haraka. Mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo hugoma kuwaka katika baridi ya Julai, hugonga mlimani, hufuka moshi. Ukiifungua kabureta utakuta safi, na bado utaambiwa ununue nyingine.

Na ukipanda kutoka Naivasha juani, gari likakata kana kwamba petroli imeisha na huku tangi limejaa, usiguse chochote kwa hasira. Petroli imechemka kwenye bomba karibu na pampu, na huku juu vitu huchemka upesi: maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi kama 93. Weka kitambaa kilicholowa juu ya pampu, subiri, endelea. Madereva wa Pijo walijua hili wote.

Wako wanaosema magari haya ni vyuma chakavu na hayafai nchi hii. Hapana, nakataa. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na magari yote hayo yalikuwa ya kabureta. Nchi ni hii hii, milima na vumbi ni hivi hivi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva.

Kwa hivyo wewe mwenye Pijo, Datsun, Volkswagen au Corolla ya zamani: ukifika gereji, usiende kunywa chai. Simama pale. Mwambie fundi atoe plagi kwanza akuonyeshe rangi yake. Nyeusi kavu, petroli imezidi au hewa haitoshi. Nyeupe, petroli ni chache au kuna hewa ya wizi. Ya kahawia hafifu, kabureta yako ni nzima na mtu asiiguse. Kisha afungue distribyuta mtazame poinsi pamoja. Akikataa na kurukia kabureta moja kwa moja, chukua ufunguo wako, ulipeleke gari kwa mwingine.