Jina la Kazini na Wanaolisikia Kwanza

Kujijengea jina kazini ni shughuli ya mtu kuhakikisha sifa zake zinawafikia waajiri kabla yeye mwenyewe hajafika. Mwaka 1997 mshauri wa biashara wa Marekani, Tom Peters, aliipigia debe katika jarida la Fast Company, akieleza kuwa kila mfanyakazi ni mkurugenzi wa kampuni yake binafsi na kazi yake kubwa ni kujitafutia soko. Mwaka 2003 ukafunguliwa mtandao wa LinkedIn, wakurugenzi hao wakapata pa kupanga bidhaa. Microsoft iliununua mtandao huo mwaka 2016 kwa dola za Marekani bilioni 26.2, jambo linaloonesha kuwa katika biashara ya kujitangaza kuna watu wanaopata fedha kweli.

Afrika Mashariki shughuli hii iliikuta methali imekaa mlangoni: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayejitangaza huku ana kazi mbili kwa mpigo, kutembeza sifa zake na kuonesha kwamba hazitembezi. Ndiyo maana matangazo mengi hufunguliwa na “kwa unyenyekevu mkubwa”, kisha vyeo vinne vikafuata. Si kwamba thamani ya jina haikujulikana. Mwimbaji wa Zanzibar aliyezaliwa akiitwa Mtumwa ndiye dunia inayemjua kwa jina la Siti binti Saad, na mwaka 1928 alikwenda hadi Bombay kurekodi santuri. Ila yeye jina lilimkuta tayari anaimba. Utaratibu wa sasa unatanguliza jina. Sauti itatafutwa baadaye.

Kazi huanza na picha. Suti hutolewa kabatini siku za harusi, kwa hiyo picha ya kikazi ya watu wengi ilipigwa ukumbini, katikati ya mashangazi, kisha ikakatwa kwenye simu ili abaki mmoja. Mkato huo haujawahi kutimia. Begani hubaki vidole vinne vyenye hina, na pembeni kipande cha keki. Mwajiri anayetafuta mhasibu huacha kusoma sifa za mwombaji akabaki anajiuliza vidole ni vya nani. Wanaoona aibu hiyo huenda studio, wakarudi na picha ya pasipoti yenye pazia la bluu nyuma, uso umekazwa mithili ya mtu anayesubiri kusomewa mashtaka.

Baada ya picha huja cheo, na hapa ndipo mambo hunoga. Kijana mwenye kompyuta mpakato moja na wazo moja hujiandika “Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji”. Kampuni ina mtumishi mmoja, ambaye pia ndiye anayetumwa kununua bando. Kadi za biashara huchapishwa Kariakoo, maandishi ya dhahabu, na kosa la tarakimu moja kwenye namba ya simu hugunduliwa zikiwa zimeshalipiwa. Mkurugenzi Mtendaji hukesha akizisahihisha moja moja kwa kalamu ya wino wa bluu.

Vitabu vya fani hii hueleza kwa kirefu jinsi ya kuwafikia waajiri. Havisemi kwamba kabla ya mwajiri yeyote, habari humfikia shangazi. Naye hachelewi kuandika:

“Mwanangu, hongera kwa ukurugenzi, tumefurahi sana. Kamati ya harusi ya mdogo wako imekuweka kwenye laki tano.”

“Shikamoo shangazi. Hicho ni cheo cha mtandaoni tu.”

“Marahaba. Na wewe tuma hukohuko mtandaoni, namba ya mweka hazina ipo kwenye kadi.”

Hoja hiyo haina jibu. Kiwango cha mchango huwekwa kwa cheo, na cheo mwenye nacho amekiandika kwa mkono wake. Baba mwenye nyumba naye, aliyekwishaambiwa kwamba biashara ni ngumu mwezi huu, huona tangazo lilelile na kubisha hodi mapema kuliko kawaida: “Mkurugenzi, habari za asubuhi? Ile kodi ya miezi sita tunaifanyaje?” Mdai huyu husoma mtandao kwa umakini ambao maofisa wa rasilimali watu wangepaswa kuuiga.

Uwanja mwingine wa kujitangaza ni status ya WhatsApp, inayokaa saa 24 kabla ya kufutika na kumwonesha mwenyewe orodha ya waliotazama. Saa 24 zinatosha kabisa. Mfanyakazi aliyepewa siku mbili za kupumzika kwa ajili ya malaria huweka picha akiwa ufukweni Kigamboni, mguu mmoja majini, na maneno “kazi na dawa”. Muda si mrefu jina la bosi linaonekana kwenye orodha. Kufuta picha hakusaidii tena, na kutoifuta ni kiburi. Baadhi hujitetea kwamba dawa imetajwa.

Siku hizi maneno ya kujisifu huandikwa na programu za akili mnemba, na dalili ni kwamba watu waliokosana kwa kila kitu sasa wanafurahi kwa sentensi zilezile. Wenye haraka hunakili hadi sentensi ya juu, ile ambamo programu inamwambia mteja kuwa toleo hili limeboreshwa ili aonekane mahiri zaidi. Tangazo la namna hiyo hupendwa na wengi, hasa wafanyakazi wenzao.

Jina lililojengwa hivi hukutana na mtihani wake mbele ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kinachosimamia usaili wa kazi nyingi za serikali Tanzania. Usaili wa mchujo ni maswali na majibu, na hakuna swali linalouliza mtu ana wafuasi wangapi. Hutakiwa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti halisi vya shule. Kinachowatoa jasho wenye majina ya kujijengea ni sharti lililo ndani ya tangazo la usaili: majina yaliyo kwenye nyaraka yafanane, na yasipofanana msailiwa alete hati ya kisheria ya kuyathibitisha.

Basi aliyebatizwa Yohana, akaandikwa John sekondari, kisha akajitangaza kwa miaka kama Jonny, hujikuta ofisini kwa wakili akiapa kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Wakili huandika taratibu, hupiga muhuri, huuliza kama kuna jina jingine lililosahaulika. Malipo hayajatajwa bado. Mteja, kwa mazoea, anatoa kadi yake ya maandishi ya dhahabu na kuisukuma mezani. Wakili anaisoma hadi mwisho, anavua miwani, ndipo anapotaja bei.