Namna ya Kuchuja Shafti Mpaka Iwe Duara

Shafti imetoka kwenye mashine ya kusaga ikiwa na kipenyo cha milimita 25, na mchoro hauruhusu uviringo wake ukosee zaidi ya maikroni 5. Umeiweka kwenye mashine ya kupimia viwianishi, ile ambayo karakana nzima huiita CMM. Gololi ya yakuti imeizunguka bila kunyanyuka, na sasa skrini inasema 9, tena kwa rangi nyekundu. Usiende kumsumbua fundi wa kusaga, ana kazi nyingi. Fungua menyu ya kichujio.

Humo utakuta 15, 50, 150 na 500, yaani idadi ya mawimbi katika mzunguko mmoja. Mtu asiye na haraka angekueleza kwamba kichujio cha Gauss hupitisha nusu ya kimo cha wimbi lenye namba uliyochagua, huyaachia mawimbi mapana yapite karibu yote, na huyafifisha yaliyo mafupi zaidi. Angeuliza pia shafti hii inakwenda kufanya kazi gani. Mkwepe. Wewe shika hili tu: namba ikipungua, shafti inatengenea.

Tuseme jiwe la kusagia lilikuwa linatetemeka, likaacha mawimbi 60 yenye kimo cha maikroni 10. Ukichagua 150 unaona 9. Ukichagua 50 zinabaki kama 3.7, na kijani kinawaka. Ukichagua 15 mawimbi hayapo kabisa, lakini usifike huko, maana ripoti nzuri kupita kiasi humwamsha mkaguzi. Komea kwenye 50, kisha andika “kichujio: cha kawaida”. Ukiigeuza shafti chini ya taa mistari bado utaiona, na beringi ya sindano itakayozunguka juu yake itavuma, ila taa na kelele havina safu kwenye ripoti.

Kuna njia ya mkato isiyohitaji hata kichujio. Wajuzi wanataka pointi zisizopungua 7 kwa kila wimbi, kwa hiyo kichujio cha 50 kinadai 350. Nani ana muda huo? Piga pointi 60, zikiwa na nafasi sawa. Kila pointi itaangukia mahali pale pale pa wimbi, na mawimbi yako 60 yatatoweka kama hayakuwahi kuwepo. Ila usikosee ukapiga 36. Hapo mawimbi 60 yatajitokeza yakijifanya 12, na mtazunguka karakana wiki nzima mkitafuta mashine iliyoyaleta. Hakuna kichujio cha kuyarudisha kwenye sura yake, kwa sababu uongo umeingia mlangoni, wakati wa kupima.

Vinundu vya ghafla ni kazi nyepesi. Programu ina kisanduku cha kufuta pointi zilizojitenga, na kawaida yake ni kukata zinazozidi sigma 3. Shusha hadi 2, na kibanzi cha chuma pembeni mwa tundu la mafuta kitageuka kuwa “vumbi”. Hakikisha tu kufuta kunatangulia kuchuja; ukigeuza mpangilio, kichujio kitakitandaza kile kinundu kwa majirani zake kama tone la wino kwenye kitambaa kibichi, na hutakuwa na cha kufuta tena.

Kasoro moja ni sugu. Mashine ya kusaga isiyo na senta hupenda kuacha umbo la pembe tatu zilizoviringwa, na mawimbi 3 hupenya hata kichujio cha 15 yakiwa na asilimia 97 ya kimo chake. Achana na CMM, chukua maikromita ya mkono. Umbo la namna hiyo linaweza kutoa kipenyo kile kile kila upande unaoubana, na utaapa mbele ya mteja kwamba umepima pande zote bila kuona tofauti.

Balaa ni mchoro uliochorwa na mtu aliyesoma toleo la 2017 la ISO 1101, linaloruhusu kichujio kutajwa ndani ya fremu ya toleransi. Huyo amekufungia menyu. Itabidi uende kwa fundi wa kusaga umwambie jiwe lake linatetemeka, naye atakuuliza kwa nini shehena tatu zilizopita zilikuwa za kijani.