Barua ya Wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu: Mlima Nao Uhesabiwe

Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: MAOMBI YA KUUTAMBUA MLIMA KILIMANJARO KUWA KAMPASI YA SHAHADA YA KIINGEREZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya Kiingereza, GPA 3.6, daraja la pili la juu. Kwa sasa ni mgumu. Kama neno hilo halijafika ofisini kwenu, mgumu ni yule anayembebea mgeni begi kupanda Kilimanjaro. Ajira siombi, foleni yake naijua.

Vigezo vyenu navipongeza. Mlango wa kuingilia ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. D mbili za HKL zinapita bila kuinamisha kichwa. Wa kutokea ndio mzito: krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kusoma. Saa 3,600! Nilizitimiza zote, ingawa nyingi nilizitumikia steshenari, nikisubiri kutolewa kopi ya desa la mwaka juzi. Nilichora miti ya sentensi mpaka daftari likawa msitu wa Rongai. Nilijua ulimi unagusa wapi mtu anapotamka T. Kuongea na mtu mzima akaelewa hakukuwamo kwenye mtihani.

Kiongozi wetu wa msafara ni mjomba wangu, darasa la saba. Safari yangu ya kwanza, mama mmoja wa Kiskoti alishikwa na kichwa pale kambi ya Horombo, mita 3,720. Nikamtolea Kiingereza changu chote, swali moja lenye vishazi vitatu. Akanitazama kama anayetafuta njia kwenye ukungu. Mjomba akachuchumaa, akamwuliza amekunywa maji kiasi gani, amekojoa mara ngapi tangu asubuhi, kisha akamchekesha kwa kumsimulia ugomvi wa mbuzi wake na migomba ya jirani. Kwa Kiingereza kilichoiva kama ndizi! (Kijerumani pia anacho, ila hicho ni cha idara nyingine.)

Jioni ile nikashika kalamu. Safari ya siku 6 njia ya Marangu, kwa saa 10 tu za maongezi kwa siku, ni krediti 6. Usiku wa kileleni, mnapoondoka kambi ya Kibo saa sita mkitetemeka, tunautoa sadaka. Safari 60 ni krediti 360. Mjomba amefika kilele cha Uhuru zaidi ya mara 200. Kwa hesabu zenu wenyewe anawadai shahada tatu, na ya nne ameshaianza.

Utaratibu ni uleule. Anayeishia Gilman's Point, mita 5,681, apewe sapu arudi kumalizia hadi 5,895. Anayegeukia getini amedisko. Mtahini wa nje tunaye kila wiki. Anajilipia nauli mwenyewe, na akiridhika humwachia mtahiniwa tipu. Nionyesheni chuo chenye mpango huo.

Fasihi? Hapo mniwie radhi. Mgeni mmoja alinikumbusha kwamba mwaka 2021 mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, alipata Nobel ya Fasihi kwa vitabu alivyoandika kwa Kiingereza. Akataka kujua mimi nimesoma kipi. Nikamjibu kwamba chuoni tulisoma Shakespeare. Akasema hata yeye. Tukanyamaza wote wawili mpaka kituo cha chakula cha mchana.

Naambatanisha kopi ya cheti changu, iliyogongwa muhuri wa wakili, pamoja na orodha ya safari za mjomba. Hiyo ya pili haina muhuri, maana mashahidi wote wamesharudi kwao.

Wenu mtiifu,
Mgumu, GPA 3.6,
Marangu.