Muulize Shangazi: Filamu Yangu Inaanza na Saa ya Kengele

Msimu wa kazi za darasa la filamu umewadia, na sanduku la Shangazi limejaa barua kutoka Texas. Za mapenzi zitasubiri wiki ijayo. Waliovunjika mioyo wavumilie. Wenye kamera za kuazima wana tarehe ya kuzirudisha.

*Shangazi, mwalimu anataka dakika 2 za mwanzo wa filamu ya vichekesho vya vijana. Yangu inaanza saa ya kengele ikilia, mkono unaipiga, mvulana anapiga mswaki, basi linamwacha. Tatizo ni mama. Kila nikirekodi anafungua mlango na kanga yake kifuani, anauliza nani atalipa umeme wa taa zote hizi. Ameniharibia picha zote. Nimfanyeje? – Mchelewaji, Arlington*

Mwanangu, saa hiyo naijua. Imelia kwenye filamu za wanafunzi miaka nenda miaka rudi na sijaona aliyecheka. Wewe una mwanamke anayeingia bila hodi kudai bili, halafu unamkata yeye ubaki na mswaki?

Tazama wenzako. *Ferris Bueller's Day Off* ya 1986 nayo inaanza kitandani, ila kijana yuko macho kabisa: anawadanganya wazazi kwamba anaumwa. Hatujaiona hata shule yake na tayari tunajua ni mwongo, na tunajua tutakuwa upande wake. *Rushmore* ya 1998 inaanza na hesabu ngumu ubaoni. Mvulana anaikokotoa, darasa zima linamshangilia, kisha anazinduka: alikuwa amesinzia. Dakika zako 2 zina kazi hiyo tu, tujue ni nani, anataka nini, na nani atamzibia njia. Majina ya waigizaji yapite wakati hayo yakiendelea, tusikalishwe kuyasoma kwanza.

Kwako mwenye kuziba njia ameshajifunga kanga. Mwombe ruhusa leo, usimwambie saa. Kamera ielekee mlangoni, kijana wako awe anataka kutoroka kwenda asikoruhusiwa, na taa zote ziwake. Tumia picha ya kwanza. Kwenye ya pili atakuwa ameshapaka wanja.

*Shangazi, tuko wanne, Mkenya, Mtanzania na Wakongo wawili, kusini-magharibi mwa Houston. Wote ni waongozaji. Shule haijatupa kibali, kwa hiyo Jumamosi tunaruka ukuta. Onyesho la kwanza mwanafunzi anachomoa bastola ya maji tuliyoipaka rangi nyeusi, kumbe anamwagilia maua. – Wakurugenzi Wanne*

Hapa Shangazi anavua miwani. Hakuna bastola. Si ya maji, si ya plastiki, si ya kuchonga. Mwaka 2018, huko Santa Fe karibu na Houston, watu 10 waliuawa kwa risasi ndani ya shule. Jirani akiona vijana wanne juu ya ukuta na kitu cheusi mkononi atapiga 911, na askari atakayefika hajasoma skripti yenu. Mpeni mwanafunzi wenu birika la chai. Birika linachekesha zaidi, na mtarudi nyumbani wote.

Kibali sasa. Mwongozaji Wes Anderson ni mtoto wa Houston. Alipotengeneza hiyo *Rushmore* alirudi kurekodi katika shule aliyosoma, St. John's. Alipohitaji shule ya serikali, ile ambako shujaa wake anaishia baada ya kufukuzwa, alivuka tu barabara ya Westheimer hadi Lamar. Hata yeye aliingilia mlangoni. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, ukumbi upi, watu wangapi, na mtu mzima yupi atawasimamia. Mwalimu mkuu anayeombwa "tufanye filamu shuleni" ataona balaa tupu. Mwombeni ukumbi mmoja kwa saa mbili, muone.

Na waongozaji wanne ni wengi mno. Pigeni kura. Aliyeshindwa kwa kelele nyingi zaidi apewe kazi ya sauti, ambayo kanuni yake ya kwanza ni kunyamaza.

*Shangazi, naishi Irving karibu na uwanja wa ndege wa DFW. Nikirekodi nje napata ndege na nyenje, ndani napata kiyoyozi. Nifunike yote kwa wimbo mkali wa Bongo Fleva? – Kiziwi wa Hiari*

Wimbo wa mtu una mwenyewe, na mashindano mengi ya wanafunzi yatakurudishia filamu ukikosa ruhusa yake. Ingia ndani, zima kiyoyozi, zima na friji. Funguo za gari ziweke ndani ya friji hiyohiyo. Ni ujanja wa zamani wa mafundi sauti: huwezi kuondoka bila kukumbuka kuiwasha, na nyama ya mama yako itapona. Ila Agosti ya Texas si ya mchezo. Rekodi alfajiri, dakika chache chache, na mzee yeyote aliyemo ndani apelekwe kwa jirani kwanza.

*Shangazi, mimi ni muuguzi, zamu za usiku. Mwanangu niliyetaka asomee udaktari anasema atakuwa mwongozaji. Kaniletea karatasi nisaini, nicheze "mama mkali". Mimi si mkali, na nimemwambia akirudia kusema hivyo atalala nje. – Mama Mpole, Fort Worth*

Dada, Shangazi amekusikia, na amesogea nyuma kidogo.

Karatasi saini. Mtoto anayeomba ruhusa ya maandishi kabla ya kumrekodi mtu anaifanya kazi kwa adabu, na wenzake walio chini ya miaka 18 wasainiwe na wazazi wao vivyo hivyo. Kuhusu udaktari sikupi faraja ya bure. Huko Dallas, Anderson na rafiki yake Owen Wilson walianza na *Bottle Rocket*, filamu fupi ya dakika 13, nyeusi na nyeupe. Ikawapatia fedha za kutengeneza filamu ndefu iliyotoka 1996, na hiyo ndefu ikaanguka sokoni. Miaka mitatu minne ya jasho, bila faida. Kijana aendelee na biolojia yake, kamera ashike Jumamosi.

Maneno aliyokuandikia yakatae, lakini. Sema yako, kama ulivyoniandikia mimi.

*Shangazi, kwa ajili ya mechi kubwa ya shule nimevishwa lile ua la bandia la Texas, riboni hadi magotini, njuga, na kidubu katikati. Bibi, aliyefika kutoka Tanga juzi, akaliangalia akauliza msiba ni wa nani. Nimemtoa kwenye skripti kwa sababu wenzangu hawatamwelewa. Naanza na dansi ukumbini, watu hamsini. – Binti wa Riboni, Garland*

Watu hamsini utawalisha nini, mjukuu wangu? Mrudishe bibi leo hii. Ua hilo lilikuwa krisanthemamu halisi enzi hizo. Siku hizi ni hariri na plastiki, na kila mwaka linazidi kunenepa. Wamarekani wa majimbo mengine wakiliona hushangaa vilevile, hawana tu ujasiri wa kuuliza.

Anza na sauti: njuga zinashuka ngazi, hatuoni mtu. Bibi yuko sebuleni anachambua mchele. Riboni zinapita mbele ya kamera, nyingi, bado zinapita. Bibi anainua macho, anaweka sinia chini, anajifunika mtandio kichwani kwa heshima ya marehemu. Aulize kwa Kiswahili chake cha Tanga, tafsiri iandikwe chini. Usiweke muziki wa kuchekesha, na usimwonyeshe mtu anayecheka. Jina la filamu litokee hapohapo, kabla hujamjibu.